Mwimbishaji wa Nyavu

Miaka ile kiwanda cha nyavu kilipokuwa bado kinanguruma, watu wa mtaa wa Iringo, Musoma, hawakuhitaji saa siku ya Jumamosi. Walijua kumekucha kwa sauti ya Pastory Magesa. Sauti hiyo ilianzia getini pa kiwanda, ikapita katikati ya nyumba, ikateremka hadi Mwigobero ukingoni mwa ziwa, kisha ikapanda tena bila kupungua. Nyuma yake vilifuata vishindo vya miguu ya wanaume wengi, wote wakiitikia.

Pastory alikuwa mfanyakazi wa chumba cha kusokotea kamba. Alizaliwa Butiama, akaja Musoma akiwa kijana mwembamba, na kazi ya kwanza aliyoipata ndiyo aliyozeekea. Kiwanda kilikuwa na klabu yake ya mpira, iliyoitwa Nyavu, na Pastory aliipenda klabu hiyo kiasi kwamba mkewe, Jenoveva, alizoea kusema kuwa angependwa yeye hivyo angekuwa amenenepa. Lakini kucheza hakujaaliwa. Mpira ukimfikia mguuni ulimteleza kama samaki kamongo aliye hai, na katika ujana wake wote hakuna kocha aliyempa jezi. Alichopewa na Mungu ni mapafu. Angeweza kukimbia na kuimba kwa wakati mmoja, mlimani, jua likiwaka, na maneno yakasikika moja moja. Basi wakamfanya mwimbishaji wa mchakamchaka.

Katika mchakamchaka wa Nyavu kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyekumbuka nani aliianzisha. Mtu akiishiwa pumzi njiani, haachwi wala habebwi. Kundi zima linarudi, linamzunguka na kukimbia papo hapo bila kusogea, na mwimbishaji anatia jina lake kwenye wimbo. Hakuna kuondoka mpaka mtu ainuke mwenyewe. Wimbo huo haukatwi na yeyote isipokuwa mwimbishaji, na Pastory hakuwahi kuukata mtu akiwa bado chini.

Hivyo ndivyo alivyompata Bernado. Kijana huyo alikuja kutoka Kibara, shati lake likinuka moshi wa samaki, akaomba kujaribiwa winga ya kushoto. Jumamosi ya kwanza alitapika kwenye mlima wa kutoka Mwigobero, akalala kifudifudi vumbini.

"Niacheni," alisema. "Mimi si mtu wa kukimbia. Mimi ni mtu wa kasia."

Kundi likarudi, likamzunguka. Pastory akaanza:

"Bernado yuko wapi?"

"Anakuja!"

"Bernado yuko wapi?"

"Anakuja!"

Walikanyaga pale pale mpaka vumbi likawa kama moshi. Kina mama waliokuwa wakipeleka samaki sokoni walisimama na beseni zao kichwani, wakacheka, halafu mmoja wao akaanza kuitikia na wengine wakafuata. Bernado alilia kwa hasira. Kisha akaweka kiganja chini, akainua goti, akasimama. Tangu siku hiyo hakuanguka tena, na ndani ya mwaka mmoja hakukuwa na beki mkoa mzima aliyependa kupangwa upande wake.

Alikula kwa Pastory zaidi ya alivyokula kwake. Pastory na Jenoveva walikuwa na mabinti wawili, wote wameolewa mbali, na nyumba ilikuwa imepoa. Jenoveva alimtengea Bernado kichwa cha sato bila kuulizwa. Pastory alimwita mura, kama baba anavyomwita kijana wake, na Bernado, ambaye baba yake alichukuliwa na ziwa kabla hajamjua, aliitika.

Halafu ikaja miaka ya shida. Sukari ikapotea, sabuni ikapotea, hata nguo ya kuzikia mtu ikawa ya kuombewa kibali. Jezi za Nyavu zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Wachezaji walifanya mazoezi na katambuga, zile ndala za tairi, na mpira mmoja ulishonwa hadi ukawa na umbo la kiazi. Lakini Jumamosi walikimbia. Wengine walikimbia bila kuwa wamekula usiku, na hao ndio walioitikia kwa sauti kubwa zaidi.

"Njaa ikikusikia unaimba, inapita nyumba ya pili," Pastory aliwaambia, na kipa wao Keraryo, ambaye hakuacha neno lipite, akajibu, "Basi kwangu mimi njaa ni kiziwi, mzee."

Shida hiyo haikuiua Nyavu. Iliyoiua ni nafuu. Biashara ilipofunguliwa na kila kitu kikawa ruksa, maduka yalijaa, na miongoni mwa vilivyoyajaza ni nyavu kutoka nje, nyepesi na za bei ya chini. Mitambo ya kiwanda ilikuwa imechoka na vipuri havikuwepo. Asubuhi moja wafanyakazi walikuta geti limefungwa mnyororo. Walisimama pale hadi mchana, wakiongea taratibu kama watu walio msibani, kisha wakatawanyika.

Baada ya hapo wachezaji walianza kuondoka, kila mmoja na sababu yake nzuri. Wawili walikwenda Buhemba kuchimba dhahabu. Mwingine alianza kuuza mitumba. Wengine waliingia kwenye mitumbwi ya sangara, maana matajiri walikuwa wakinunua sangara hata kabla hajafika ufukweni. Bernado naye, ambaye sasa alikuwa na mke na watoto, alirudi kwao Kibara kuvua. Alikuja kuaga usiku wa Pasaka.

"Mechi nitakuwa nakuja, mzee," alisema. "Nikiitwa nitakuja."

"Najua," alisema Pastory. "Wewe si wa kubaki nyuma."

Akiwa hana kazi, Pastory alianza kukimbia kila siku. Alifikiri kwamba wale wachache waliobaki wakimsikia wataona aibu kulala, na kweli kuna asubuhi walitoka watano, kuna asubuhi wawili. Zikaja asubuhi ambazo alikimbia peke yake. Alikuwa amefika miaka hamsini, kifua kimekauka, miguu migumu kama mpini wa jembe, na aliimba kama zamani. Akishatoa wimbo alinyamaza kidogo, kuacha nafasi ya waitikiaji, kisha akaendelea.

"Mzee Pasto, unakimbizwa na nani?" walimwuliza vijana wa sokoni.

"Niko na Nyavu."

"Iko wapi hiyo Nyavu?"

"Inakuja."

Jenoveva alivumilia mwaka mzima. Alikuwa ameanza kulima muhogo na mtama kwenye shamba la wazazi wa Pastory huko Butiama, akienda na kurudi, na sasa alitaka kuhama moja kwa moja.

"Nusu ya vitu vya chumbani tumeshavihamishia Butiama. Unabaki Musoma unafanya nini, baba Robi?"

"Nyavu haijafa."

"Kiwanda kimekufa. Mimi nilikuwepo siku ya geti."

"Kiwanda ndiyo. Klabu bado iko kwenye ligi ya mkoa. Jenoveva, mtu akianguka tulikuwaga tunamwacha?"

Jenoveva alifunga mzigo wake. "Klabu si mtu," alisema. Kisha, akiwa mlangoni, akaongeza kwa upole, "Hiyo mechi ya Bunda ikiisha, uje nyumbani. Hata kama mmefungwa, uje."

Mechi ya Bunda ndiyo iliyokuwa imebeba kila kitu. Nyavu ilikuwa imeshindwa kufika uwanjani mara mbili msimu huo kwa kukosa wachezaji, na kwa sheria ya ligi timu isiyocheza mara tatu ilifutwa. Kufungwa hakukuwa na neno. Wangeweza kufungwa kumi, ilimradi waanze na wamalize wakiwa na wachezaji wasiopungua saba, maana wakipungua hapo mwamuzi huvunja mchezo na mechi inahesabiwa haikuchezwa. Waliobaki Musoma walikuwa sita. Wa saba, kwa majina yaliyosajiliwa, alikuwa Pastory mwenyewe. Katibu wa klabu, Isidori, alimwandikisha mwanzoni mwa msimu kujazia nafasi, na siku hiyo walicheka wote. Wa nane alikuwa Bernado.

"Umempelekea habari?" Pastory alimwuliza Isidori.

"Habari anazo," alisema Isidori, akatazama pembeni.

Walisafiri na lori lililokuwa limepakia dagaa, wamekaa juu ya magunia, na walipofika Bunda walinuka kiasi cha kufuatwa na paka. Wapinzani wao waliitwa Minofu, timu mpya ya tajiri mmoja wa samaki, yenye jezi za buluu zilizong'aa na viatu vya njumu kwa kila mchezaji. Mashabiki wa Minofu walikuwa wameshajipanga.

"Nyavu imetoboka!" walipiga kelele. "Wako saba! Wengine wamepitia kwenye tundu!"

"Yule babu ni mchezaji au ni mlinzi wa magoli?"

Keraryo akawajibu, "Huyu ndiye kijana wetu! Wazee tumewaacha nyumbani!"

Pastory hakuwasikia. Alikuwa amevaa jezi ya Nyavu, ya kwanza maishani mwake, nambari mbili, kijani iliyopauka hadi kukaribia kijivu, na kila mara mkono wake ulikwenda kifuani kuipapasa. Aliwapanga wale sita waanze kupasha miili moto. Wakakimbia papo hapo wakiwa wametazama barabara ya kutoka Kibara, na wimbo ukamtoka mdomoni wenyewe.

"Bernado yuko wapi?"

"Anakuja!"

"Bernado yuko wapi?"

"Anakuja!"

Mlango wa chumba cha wenyeji ukafunguliwa na Minofu wakatoka. Bernado alikuwa wa tatu katika mstari, ndani ya jezi ya buluu.

Wimbo haukukatwa. Ulikosa tu mtu wa kuuendeleza.

Bernado alikuja hadi mbele ya Pastory. Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Pastory alimtazama viatu, vipya, vyeusi, kamba zake nyeupe. Maisha yake yote alikuwa amefundisha watu kwamba anayeita lazima aitikiwe. Aligeuka na kumpa mgongo. Salamu ikabaki hewani, na Bernado akabaki amesimama nayo hadi wenzake walipomwita.

"Ulikuwa unajua," Pastory alimwambia Isidori.

"Nilijua tangu mwezi uliopita, alipoomba barua ya uhamisho. Yule tajiri amempa mtumbwi na mashine yake. Ana watoto watatu, Pasto."

"Kwa nini hukuniambia?"

Isidori alivua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha. "Kila asubuhi nilikuwa nakusikia unapita. Niliogopa nikikwambia utaacha kukimbia."

Filimbi ikalia.

Kipindi cha kwanza Nyavu walifungwa matatu, na kama si Keraryo yangekuwa mengi zaidi. Pastory alicheza beki wa kulia, yaani upande ule ule wa Bernado. Na jambo la ajabu likatokea: kila Bernado alipopata mpira na kumkuta Pastory mbele yake, aliurudisha nyuma kwa wenzake. Hakumpita hata mara moja. Kipindi cha pili kikaanza, hivyo hivyo. Mashabiki wa Minofu wakaona.

"Mpite babu! Unamwogopa?"

"Anamwamkia! Subirini amwamkie kwanza!"

Watu walicheka. Nyavu walikuwa bado saba na muda ulikuwa unakwenda. Angekaa kimya tu, jua lingeshuka na kila alichokitaka kingepatikana. Pastory alilijua hilo. Lakini alikuwa amekimbia asubuhi zote zile peke yake, na sasa kijana aliyemfundisha alikuwa anamwonea huruma mbele ya uwanja mzima. Huruma ile ilimuuma kuliko jezi ya buluu.

"Nipite, mura!" alipiga kelele. "Nilikufundisha kukimbia au kurudi nyuma? Nipite!"

Bernado alimtazama. Kisha akausukuma mpira mbele, pembeni mwa mstari wa chokaa, akaondoka.

Pastory akageuka na kumfuata. Kwa hatua za kwanza aliona mgongo wa buluu tu. Halafu mgongo ukaacha kwenda mbali. Halafu ukaanza kusogea. Watu waliona mzee wa kijani akimfikia winga wa Minofu bega kwa bega, magoti yakipanda, kifua wazi, na Keraryo golini akipiga kelele kama mtu aliyeona muujiza. Pastory mwenyewe alisikia pumzi za Bernado karibu yake, zile pumzi alizozifundisha mlimani, na kwa muda huo mfupi hakukuwa na geti lenye mnyororo wala chumba kitupu Iringo. Walikuwa wawili wanakimbia.

Ndipo kikasikika kishindo kikavu. Pastory alidhani amepigwa teke kisiginoni, akageuka aone ni nani. Hapakuwa na mtu. Kisha akaanguka, na akiwa chini akakitambua kile kishindo. Alikuwa amekisikia maisha yake yote katika chumba cha kusokotea, kamba iliyovutwa kupita kiasi inapokatika.

Bernado aliuacha mpira ukatoka nje, akarudi mbio.

"Mzee. Mzee, umeumia?"

Mwamuzi alikuja, akamgusa kisigino, akauona mguu ulivyolegea. "Huyu hawezi."

"Anaweza!" alisema Keraryo, ambaye alikuwa amefika akihema. "Tumsimamishe pale golini ashike mwamba. Atasimama tu!"

"Akiinuka mwenyewe nitamhesabu," alisema mwamuzi. "Akibebwa, ni sita. Na sita siwezi kuendelea. Nawapa muda kidogo."

Pastory aliweka viganja chini, akainua goti moja. Alipoukanyaga mguu, ukamkatalia kama si wake, akaanguka tena. Wale sita walisimama wamemzunguka, jezi zimewaganda mwilini, hawajui waweke wapi mikono. Keraryo alikuwa ameishiwa maneno.

Bernado ndiye aliyeanza. Alianza kukanyaga papo hapo, taratibu, ndani ya viatu vyake vipya, macho yamejaa machozi.

"Pastory yuko wapi?"

Hakuna aliyeitikia. Watu wa Nyavu waliitazama jezi yake.

"Pastory yuko wapi?" aliita tena.

"Anakuja," alisema Keraryo, kwa sauti ndogo, na mguu wake ukaanza. Kisha wa pili, kisha wote sita.

"Pastory yuko wapi?"

"Anakuja!"

"Pastory yuko wapi?"

"Anakuja!"

Wachezaji wa Minofu waliduwaa, mashabiki waliokuwa wakitukana wakakaa chini, na vumbi likapanda kuwazunguka wale saba na mzee aliye katikati yao. Pastory alijaribu tena. Alifika magotini. Alijaribu mara nyingine, akaanguka ubavu, na shavu lake likagusa chokaa. Akiwa pale alijikuta midomo yake nayo inaitikia: anakuja, anakuja. Aliwatazama kutoka chini. Mmoja wao alikuwa hajala tangu jana, alijua. Mwingine alikuwa na dhahabu inayomwita Buhemba na alibaki kwa sababu yake tu. Wangekanyaga pale hadi giza kama asingeinuka, maana hivyo ndivyo alivyowafundisha, na wimbo hawakuwa na ruhusa ya kuukata. Ruhusa hiyo alikuwa nayo mtu mmoja tu.

Aliinua mkono.

"Basi," alisema. "Acheni."

Wakawa hawaelewi. Miguu iliendelea.

"Nimesema acheni, jamani. Nendeni. Mwamuzi, piga filimbi."

Filimbi ililia mara tatu. Upande wa Minofu hakuna aliyeshangilia. Mmoja mmoja wale sita walisimama, na Keraryo akavua glavu zake na kuziweka chini kwenye nyasi kwa uangalifu, kama mtu anayeweka kitu asichokusudia kukichukua tena. Isidori alikuwa amefika ukingoni mwa uwanja. Lori la dagaa lilikuwa linasubiri, na lingepita njia panda ya kwenda Butiama, ambako Jenoveva alikuwa amesema, hata kama mmefungwa, uje.

Bernado peke yake alikuwa bado anakanyaga. Hakuimba tena, alikanyaga tu, akimtazama Pastory, machozi yakishuka hadi kwenye jezi ya buluu, na hakuna aliyeweza kumsimamisha.

Pastory alimtazama. Kisha akaitikia salamu iliyokuwa ikimsubiri.

"Marahaba, mura," alisema.

Na miguu ya Bernado ikatulia.